Chai ya Washenga

DIONIS: Haloo? Ni nani huko?

EUSTADIA: Mimi, dada yako. Usinipigie kelele, nasikia.

DIONIS: Shikamoo, dada Eustadia.

EUSTADIA: Marahaba. Habari za Urambo? Nimeazima simu dukani kwa Ghalibu, hapa Gongoni, na duka zima limetega masikio, kwa hiyo—

DIONIS: Washenga wa Ambrosi wamekuja? Wamemposa binti yangu?

EUSTADIA: Wamekuja. Wamekaa. Wameondoka mbio.

DIONIS: Mbio?!

EUSTADIA: Apolinaria, dada yake bwana harusi wako, kaacha kiatu mlangoni.

DIONIS: (mkwaruzo) —kuwafanya nini?

EUSTADIA: Tumewapa chai! Josepha kaileta mwenyewe, kapiga magoti vizuri, kawamiminia. Ile kuingia vikombeni tu, nyeusi tii. Kama masizi ya chungu. Apolinaria kapiga ukelele, eti wanalishwa dawa.

DIONIS: Yesu wangu! Ambrosi ndiye mnunuzi wangu wa ngozi! Kesho nitamtazama usoni vipi?

EUSTADIA: Mtazame kisogoni.

DIONIS: Dada, usinicheke. Hiyo si dawa. Ni tanini.

EUSTADIA: (anaguna) Nilijua tu. Haya, hubiri.

DIONIS: Tanini ni ule ukakasi wa miti. Ukitafuna ndizi mbichi, ulimi si unakauka? Ndiyo hiyo. Imo kwenye magome, ndiyo inayofanya ngozi isioze—

EUSTADIA: Na ndiyo tunayochemsha tumbo likiharisha. Najua, Dionis. Hata kwenye matanga ya mama ulituambia.

DIONIS: Sasa na majani ya chai yanayo! Na tanini ikikutana na chuma huwa nyeusi. Ndiyo maana magome siloweki kwenye pipa la chuma, ngozi ingetoka kama kaniki. Waambie mmechemshia kwenye birika lenye kutu, basi, yaishe.

EUSTADIA: Tulichemshia kwenye chungu.

DIONIS: Chungu?

EUSTADIA: Cha udongo. Na mimi nikanywa chai hiyohiyo. Yangu nyekundu, safi.

DIONIS: Sasa chuma kimetoka wapi?

EUSTADIA: Vikombe vyao vilikuwa na maji kidogo chini kabla ya chai. Nimekwenda jikoni nikakuta kopo. Ndani, ndimu na misumari yenye kutu. Imelowekwa siku nyingi, hiyo.

DIONIS: Nani kaweka?

EUSTADIA: Ghalibu, ndugu yangu anauliza nani kaweka! ... Ghalibu anacheka.

DIONIS: Josepha? Mtoto wangu? Nani kamfundisha mambo ya—

EUSTADIA: Malizia.

DIONIS: (mkwaruzo mrefu)

EUSTADIA: Upo? Malizia, bwana fundi.

DIONIS: Nimekasirika, dada, nakwambia kweli. Kama hamtaki yule mtu, si angeniambia?

EUSTADIA: Alikuambia.

DIONIS: Lini?

EUSTADIA: Siku ya Pasaka, nikiwa nimekaa hapohapo. Alisema, "Baba, Ambrosi simtaki, namwogopa." Ukamjibu, "Lete yale magome nikuonyeshe." Akaleta. Ukamwonyesha mpaka giza likaingia.

DIONIS: Sikusikia.

EUSTADIA: Ulikuwa unasema. Na mwanamume mwenyewe kazika wake wawili, na majirani hawataki kusema walikufaje. Wewe unaona ngozi zako tu. Huoni aibu?

DIONIS: Naona. Usiniongezee.

EUSTADIA: Nitaongeza, mimi ndiye mkubwa.

DIONIS: Josepha yupo hapo?

EUSTADIA: Kasimama kwenye magunia ya chumvi. Kajifanya anasoma bei.

DIONIS: Mpe simu.

EUSTADIA: Josepha, baba yako ... Anatikisa kichwa.

DIONIS: Mwambie simgombezi.

EUSTADIA: Anasema hakugombezi. ... Bado anatikisa.

DIONIS: Mwambie Ambrosi hatarudi. Nitamwambia mwenyewe kesho. Akikataa ngozi zangu, akatae.

EUSTADIA: Sema tena, waya unakwaruza.

DIONIS: Akatae! Akatae zote!

EUSTADIA: Nilikusikia mara ya kwanza. Nilitaka Ghalibu naye asikie.

DIONIS: Dada! ... Karani wa posta hapa anasema muda unaisha. Nitapanda treni Jumamosi. Mwambie nakuja.

EUSTADIA: Josepha, anakuja Jumamosi. ... Ee? ... Sema kwa nguvu, mama. ... Dionis, anauliza unakuja na nani.

DIONIS: Peke yangu! Mwambie peke—

EUSTADIA: Haloo? Dionis? Haloo?