Kitambaa Mkononi

"Kwani mtoto ni wangu au ni wako?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo jirani mmoja alimuuliza Mama Kipimo, mikono kiunoni, mbele za watu. Naye akajibu huku akipangusa kaunta: "Ni wako, mwenzangu. Ndiyo maana sitaki uje kumlilia."

Mama Kipimo hatunaye tena. Tumemzika juzi. Alikuwa muuza dawa, kwenye lile duka dogo la mlango wa kijani. Kijiko cha chai cha kupimia dawa hakutaka hata kukisikia. Alikupa bomba dogo la plastiki, lisilo na sindano, uvute maji mbele yake. Ukikosea, unarudia. Mumewe ananiambia: "Hata mimi alinipimisha maji, na mafua yalikuwa yangu mwenyewe!"

Siku moja fundi cherehani aliingia mbio, msichana wake mdogo begani, anaungua. Akaomba dawa ya homa.

"Leo ameshakunywa nini?"

"Hajanywa kitu."

"Umeshinda naye?"

"Nilikuwa kazini. Alikuwa na bibi yake."

"Basi hujui. Kaulize."

"Mama, mtoto anaungua, wewe unanifanyia mahojiano?"

"Mlaze hapa kwenye benchi, nitamtazama. Nenda, uje na chupa zote."

Fundi alitoka akilaani kimoyomoyo, na si kimoyomoyo sana. Aliporudi, bibi alikuwa nyuma yake na chupa mbili. Ile nyekundu, ya homa, bibi alimnywesha mwenyewe. Ile ya njano, ya mafua, shangazi alimpa baadaye kidogo. Majina mawili, wasikilizaji. Lakini ndani, dawa ya homa ni ile ile. Narudia: ni ile ile. Mtoto alikuwa ameshazidishiwa. Ya tatu ingemharibia ini.

Bibi akakaa chini. "Nilitaka alale tu, mwanangu."

"Najua, mama," Mama Kipimo akamwambia. "Kila mmoja alimpa kwa upendo, ila hakuna aliyemwambia mwenzake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Alifunga duka, akaenda nao hospitali, chupa mkononi ili daktari azione. Mungu ni mwema. Mtoto alipona.

Tangu hapo fundi akawa anamletea vipande vya kitambaa. Ukinunua dawa ya mtoto, Mama Kipimo anakufunga kimoja mkononi. Aliyefungwa ndiye anayempa dawa. Wengine wote, mikono mfukoni! Ukitaka kumwachia mwenzako, mfunge yeye, na umwambie umempa nini na saa ngapi.

Kwa mumewe na watoto wake, poleni sana. Mola aliyempa kazi hiyo ampe na pumziko. Nasi tujiulize: nyumbani kwangu mtoto akiugua, nani amefungwa kitambaa?

Msibani nilikuwepo. Wengi walisema mazuri. Fundi alikuja na yule msichana wake, sasa amempita urefu, akiwa na mfuko wa vitambaa vipya, kingo zimeshonwa vizuri. Akauweka mapajani mwa binti wa marehemu, ambaye duka sasa ni lake.

Binti akatikisa kichwa. "Baba, mimi sitaweza kama mama."

"Pole, mwanangu," akasema fundi. Akachomoa kitambaa kimoja, akamfunga mkononi, akakaza fundo, akatoka.