Mwalimu Tillie, Aliyesoma Sheria Kuanzia Mwisho

Marehemu Ottilia Maria Wasinger, ambaye kwa kila aliyepita darasa la nne mjini Marienau alikuwa Mwalimu Tillie, alizaliwa Jumatano tarehe 19 Machi 1947, katika shamba la wazazi wake, Alois na Pauline Leiker, maili sita kaskazini mwa mji huu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa kike. Kitabu cha kaunti kinasema alizaliwa tarehe 20. Kosa hilo halikurekebishwa, na marehemu hakulisahau. "Kama wamekosea siku niliyozaliwa na nilikuwa nalia kwa sauti," alizoea kusema, "watashindwa kukosea lipi?"

Alianza masomo mwaka 1953 katika shule ya Rosenthal, shule ya chumba kimoja, jiko moja la makaa na mwalimu mmoja. Mwaka 1958 walikuja mabwana wawili wenye kofia kutoka mji mkuu wa jimbo, wakiwa na karatasi ya kuunga mkono sheria mpya iliyoitwa Sheria ya Kuboresha Shule za Vijijini. Mzee Alois alisoma jina hilo, akalipenda, akatia sahihi. Majirani wakamfuata, maana Alois hakuwa mtu wa kukurupuka. Majira ya kuchipua yaliyofuata, mlango wa Rosenthal ulitiwa kufuli, na kufikia mavuno jengo lilikuwa ghala la ngano.

Marehemu alikuwa na miaka kumi na miwili. Walisimama na baba yake mbele ya lile kufuli.

"Baba, si ulisema wanaiboresha?"

"Ndivyo ilivyoandikwa juu, mwanangu."

"Na chini?"

"Chini sikusoma."

Mzee Alois alikufa mwaka 1981, na mpaka siku hiyo hakupenda kupita njia ya ghala. Wanaotaka kujua kwa nini marehemu alikuwa mtu wa kushuku wasiende mbali kutafuta. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, naye alikuwa ameona kibaya kikitembezwa hadi barazani kwao na mabwana waliovua kofia.

Alimaliza sekondari hapa Marienau mwaka 1965, akasoma miaka miwili katika Chuo cha Prather, chuo cha umma cha kaunti yetu, kisha akahitimu ualimu mwaka 1969. Mwezi Agosti mwaka huo alipewa darasa la nne, chumba cha tatu, upande wa dirisha la mashariki, na hakukiacha chumba hicho hadi Mei 2009. Aliwafundisha wazazi, watoto wao, na katika familia mbili aliwafikia wajukuu. Hesabu za maneno aliwafundisha watoto kuzisoma kinyume. "Nenda mwisho kwanza," aliwaambia. "Swali liko mwisho. Huko juu ni matofaa tu."

Na hivyo ndivyo alivyosoma sheria. Tangu mwaka 1978 alipokea kwa posta kila muswada wa jimbo uliogusa shule za umma na vyuo, na baadaye mpwa wake Roselyn, ndiye anayewasomea wasifu huu, akamwonyesha jinsi ya kuipata kwenye kompyuta na kuichapa. Jina la muswada alilifunika kwa kidole gumba. Kisha alifungua ukurasa wa mwisho, kwa sababu huko ndiko wanakoandika vifungu vinavyofutwa, namba tupu zisizo na maelezo, na huko ndiko vitu hufia. Wabunge wengi husoma juu, wakachoka kabla ya kufika chini. Marehemu alianza chini akiwa hajachoka.

Tarehe 10 Juni 1972 alifunga ndoa na Leander Wasinger, mkulima wa ngano na dereva wa basi la shule namba nne. Hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikupata kuwa kimya. Leander aliendesha basi hilo miaka thelathini na mmoja, na kiti cha mbele kabisa, nyuma yake, alikiweka kwa mtoto ambaye mke wake alimtilia shaka wiki hiyo, ili amwone kwenye kioo. Watu kadhaa waliomo kanisani humu wanakijua kiti hicho vizuri. Leander alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Novemba 2018, na tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kuuondoa kitandani mto wa kulalia wa mumewe.

Mwaka 2014 lazima utajwe, ingawa yeye mwenyewe asingependa, kwa kuwa ndio mwaka alioamini. Wiki ya mwisho ya Bunge alimpigia simu mbunge wetu, Mheshimiwa Galen Stecklein, aliyekuwa mwanafunzi wake mwaka 1983.

"Galen, kuna muswada wowote wa elimu uliobaki?"

"Hakuna, Mwalimu. Yamebaki magugu tu. Muswada wa magugu."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Nenda kapande nyanya zako, Mwalimu."

Akaenda kupanda nyanya. Wenzetu wa mji mkuu wana desturi moja ambayo hawaoni haya kuitumia: huchukua muswada uliokwisha kupita nusu ya njia, huutoa matumbo yote, na hujaza mambo mengine ndani. Namba hubaki ileile. Alasiri ile, muswada wa magugu ya miiba ulitolewa magugu yake, ukatiwa kifungu cha kufunga kila shule ya umma yenye watoto chini ya mia moja na hamsini, na kingine cha kukigeuza Chuo cha Prather kuwa ofisi ya chuo kikuu kilicho maili mia mbili kutoka hapa. Ukapita kabla ya chakula cha jioni. Marienau ilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili.

Marehemu aliposikia, hakulia. Aliingia jikoni bado ana udongo mikononi, akauchapa ule muswada, akaenda ukurasa wa mwisho. Na hapo alikuta kwamba walikuwa na haraka mno. Walibadilisha matumbo, wakasahau mkia. Kifungu cha mwisho kilikuwa bado kinafuta sheria ya zamani ya magugu, na hakikugusa kabisa ile sheria ya zamani inayosema hakuna shule wala chuo cha umma kitakachofungwa kabla wakazi hawajapiga kura. Alimwandikia mwanasheria mkuu wa jimbo barua ya ukurasa mmoja. Baada ya wiki tano jibu likaja: kura lazima ipigwe. Tarehe 12 Agosti 2014 Marienau ilipiga kura, mia mbili na kumi na moja wakakataa kufungwa, tisa wakakubali.

Mji ulisherehekea. Marehemu alikunywa kahawa yake akauliza, "Hao tisa ni nani?"

Aliwatafuta hadi mwisho wa maisha yake. Alibadilisha meza kwenye mchezo wa karata, akabadilisha fundi wa gari, na kwa Pasaka mbili hakula keki ya mtu fulani ambaye hatutamtaja. Siku moja Leander, kwa utani wake, alisema, "Labda mmoja wao ni mimi, mke wangu." Leander alijipikia mayai mwenyewe wiki nzima.

Mwezi Septemba mwaka jana marehemu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 14 Oktoba madaktari walimwambia kuwa ni saratani ya kongosho. Aliomba karatasi ya majibu, akaanza kuisoma mwishoni. Alipokea habari hizo kwa utulivu zaidi kuliko sisi. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu, katikati ya Januari, Mheshimiwa Galen alifika na maua.

"Umeniletea maua," marehemu alisema. "Unataka nini?"

"Nimekuja kukuona tu, Mwalimu."

"Mara ya mwisho ulinituma kwenye nyanya."

"Mwalimu, haki ya Mungu sikujua. Waliniambia ni magugu, nikaamini."

"Ndiyo maana nilikupa alama hamsini na mbili. Ulikuwa husomi swali mpaka mwisho."

Galen aliinama, akamshika mkono, na macho yake yalikuwa mekundu. Familia haijui kama marehemu alimwamini. Roselyn aliyaona maua yale kesho yake kwenye meza ya wauguzi.

Muswada wa mwaka huu ulimkuta hapo kitandani. Unaitwa Sheria ya Marekebisho Madogo ya Lugha katika Sheria za Elimu. Una kurasa sitini na nne, na kurasa sitini na tatu ni kweli za lugha: hapa mkato, pale nukta. Marehemu alifunika jina kwa kidole gumba, ambacho wakati huo kilikuwa kimekonda, akaomba kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna vifungu arobaini na kimoja vinavyofutwa. Cha ishirini na saba ni kile cha kura ya wakazi. Baada ya miaka kumi na miwili wameukumbuka mkia.

"Mama Mkubwa, pumzika kidogo," Roselyn alimsihi.

"Nikipumzika mimi, watapumzika na wao. Andika."

Akaandika, ukurasa mmoja na nusu. Marehemu alitia sahihi Jumapili tarehe 1 Februari. Alifariki dunia Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, dada yake Benedicta akimsomea rozari. Tulimpenda sana, na nyumba yake haikaliki bila sauti yake.

Tangazo la kifo chake lilitoka gazetini Alhamisi, likisema mazishi ni Jumanne tarehe 10, saa nne u nusu asubuhi. Ijumaa kamati ya elimu ilitangaza kwamba itasikiliza maoni na kupiga kura juu ya muswada huo Jumanne tarehe 10, saa saba u nusu mchana. Mji mkuu uko mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Sisi hatusemi kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jana Roselyn aliwasilisha maoni ya marehemu. Karani alimuuliza kwenye simu kama mtoa maoni atafika mwenyewe. Alijibiwa kwamba ana udhuru, lakini majirani zake watafika.

Ndiyo maana mmeitwa saa mbili asubuhi badala ya saa nne u nusu, katika baridi hii, na familia inawaomba radhi na inawashukuru. Akina mama wa parokia wamefunga mikate midogo ya nyama na kabichi kwenye karatasi, kwa kuwa leo hatutakula ukumbini. Basi namba nne liko nje na injini inaunguruma.

Marehemu ameacha dada yake, Benedicta Pfeifer. Mpwa wake Roselyn na mumewe Dale, na watoto wao Clara na Anton. Watoto mia moja na wanne wa Shule ya Marienau. Wanafunzi wa Chuo cha Prather. Na watu tisa wanaojijua.

Wamemtangulia wazazi wake na mume wake Leander, ambaye marehemu atalazwa ubavuni pake asubuhi hii.

Neno moja la mwisho, kama alivyoagiza liwe la mwisho. Kamati ile ina wajumbe kumi na saba. Kwa hesabu aliyoiacha marehemu, wanane wako upande ule na wanane upande wetu, kura zikilingana mwenyekiti wao ndiye huamua, na wa kumi na saba ameketi safu ya tatu hapa, mwenye tai ya bluu. Mheshimiwa Galen, asante kwa kuja kumzika mwalimu wako. Hatuulizi nani alikuambia leo unaweza kukosa kikao. Mwalimu Tillie alikuachia kiti kwenye basi: cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, mahali unapoonekana kwenye kioo.

Yeye apumzike kwa amani. Mlango wa basi unafungwa saa tatu u nusu.