Chupa Kumi na Nane za Mama Rangi

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, fundi wa maabara yetu tunayemwita Mama Rangi anavua koti jeupe na kustaafu. Nimeombwa niandike mimi, mtunza panya, kwa kuwa wa zamani zile nimebaki peke yangu. Umri wangu ulishapita, niligoma kuondoka. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa panya hakuna profesa aliyewahi kunishinda. Ukweli usemwe.

Alikuja binti mwembamba, vidole vya bluu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi viinitete, yaani wanyama ambao bado hawajazaliwa. Jeni ikiwa inafanya kazi mahali, pale panageuka bluu. Hata siku ya harusi yake alivishwa pete kwenye kidole cha bluu, na mama mkwe akauliza kama bibi harusi ni mzima.

Siku moja aliniwekea mikono miwili ya viinitete chini ya hadubini, wa popo na wa panya. "Haya, bingwa, wako upi?" Nikachagua bila kupepesa macho. Nikakosa! Yote ilikuwa kama miko midogo ya kupikia, vidole vimeshikana. Alicheka mpaka akashika meza.

Akanieleza kuwa jeni zinazojenga mkono wa popo na wa panya karibu ni zile zile. Ni kama maji ya vizimba vyangu: bomba ni moja, ila inategemea umefungua wapi na umeacha wazi muda gani. Kwa panya, nyama ya katikati ya vidole hufa, vidole vikaachana. Kwa popo, jeni fulani huendelea kuwaka pale katikati, nyama ikabaki, mkono ukawa bawa. Na miguuni kwa popo huyo huyo vidole vinaachana kama kawaida! Kumbe hata mimi, tumboni mwa mama, vidole vyangu vilishikana.

Lakini mimi sikubali kushindwa upesi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mama Rangi alifiwa na dada yake, akaondoka siku tatu. Nikasema nimsaidie usafi. Nikazifuta chupa zake kumi na nane za viinitete kwa spiriti mpaka zikang'aa. Wino wa lebo ukaondoka wote. Kazi ya miaka mitatu, chupa hazina jina! Badala ya kusema, nikachungulia moja moja, nikaandika upya: popo, panya, panya, popo. Si nawajua panya?

Aliporudi, akapaka rangi mkono mmoja wa kila kiinitete kwa kufuata lebo zangu, majibu yakatoka kichwa chini miguu juu. Panya wakaonekana wanaota mabawa. Profesa alifoka hadi korido ikanyamaza, akampa Mama Rangi mpaka Jumatatu: aeleze, la sivyo afungashe virago. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo ya chakula cha panya, kisha nikaenda zangu kuwalisha.

Bahati, kila kiinitete kilikuwa na mkono wa pili ambao haujaguswa. Aliipaka yote upya, siku nne mfululizo. Bluu kati ya vidole, popo. Hakuna bluu, panya. Nilikuwa nimekosea kumi na moja. Mimi!

Jumatatu akamwambia profesa kwamba kosa lilitokea chumbani kwake na ameshalirekebisha. Basi. Hakutaja mtu. Nikadhani hajui. Jioni akaja kwenye vizimba, akasema taratibu, "Mzee wangu, chupa zangu hazijawahi kung'aa vile." Akanipa kalamu ya risasi, maana risasi haifutiki kwa spiriti. Akaondoka.

Sasa nyinyi vijana mnaonung'unikia kile kibao cha mlangoni, "Humu ni kalamu ya risasi tu", mkisema Mama Rangi ana ukali wa bure: sababu ni mimi. Miaka ishirini na miwili amebeba jina la ukali kwa ajili yangu, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Bawa la popo nimeshalielewa. Hili bado linanipiga butwaa.

Mama Rangi, asante. Nisamehe kwa kuchelewa. Nenda upumzike, mikono yako ipate kutakata, na wajukuu wakuchoshe kwa raha.

Haya yote nimeyaandika kwa kalamu ile uliyonipa. Imebaki fupi kama kidole gumba, lakini imefika.