Ng'ombe wa Isaya na Simba Mwenye Mabawa

Benchi la mbao nje ya gereji moja pale Karatu halikosi watu. Madereva wa watalii wakikosa safari hukaa hapo kunywa kahawa na kuinyoosha dunia. Asubuhi moja, mwaka ule wa Elnino, Isaya alifika mbio kutoka Ganako. Sukari, ng'ombe wake wa pekee, hayumo zizini! Nyayo alikuwa ameziona udongoni, wazi kabisa, ila mtu mmoja hafuati nyayo za wezi. Desturi inajulikana: ng'ombe wa mmoja akipotea, wanaume wote huinuka.

— Jamani, twendeni kabla mvua haijashika! alihimiza Isaya.

— Haraka haraka haina baraka, Baba Laurencia. Kaa kwanza, alisema Sebastian, aitwaye Darubini kwa kuwa haivui shingoni hata kanisani. — Zizi limevunjwa?

— Hapana.

— Basi kaingiliwa kwa juu. Mtalii wangu Mjerumani alinionyesha kitabuni: simba, ana mabawa ya tai. Ng'ombe anambeba kama kifaranga!

— Acha fiksi! alidakia Nikodemu wa kwaya, wanayemwita Askofu. — Hilo ni joka la Ufunuo. Vichwa saba.

— Vichwa saba, ng'ombe mmoja? Vitashiba?

— Ndiyo maana halikubakiza hata mkia.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Askofu. Jana jioni giza lilipita juu ya Ganako. Lilikuwa nini kama si bawa?

Isaya aliudhika. Lakini alishawekewa kikombe mkononi, na kwa mara ya kwanza benchi zima lilikuwa likimsikiliza yeye. Ilikuwa tamu, kusema kweli.

— Kuna sauti niliisikia, akajikuta anasema. — Kama vichwa viwili vinagombana.

— Enhee! Lisemwalo lipo!

Basi mnyama akanenepa. Akaota pembe, akatema moto, akapewa makao ndani ya mlima wa moto, Oldoinyo Lengai. Kichwa cha tatu alikitoa Isaya mwenyewe. Birika lilipokauka, mvua ilikuwa inapiga bati.

Nashipai, muuza maziwa, alikuja kujibanza nao chini ya bati, shuka limelowa. Wakamsimulia yote, mabawa na moto. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Na nyayo, Baba Laurencia, zilielekea wapi?

Askofu alikohoa. Darubini aliinua darubini yake, akatazama barabara ya Ganako. Maji mekundu yalikuwa yakiifagia.

Isaya alitazama kikombe kitupu mkononi. Nyumbani wanawe walikuwa wameshika vyao, wanasubiri maziwa.