Fungu la Kumi la Faida Isiyokuwepo

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Ketini, na makofi yawekeni kwanza. Leo sikuja kujisifu.

Wengi mnanijua: mimi ni Papa Amani, muuza magari ya mtumba pale Jules Street, mtaa wa Malvern. Kampuni tuliianza watu wanne. Baadaye ninyi wa kanisa hili mlinunua hisa, mkalipa zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye hisa, kwa kuwa mlituamini. Ile nyongeza ni mtaji wa ziada. Kazi yake ni kununua magari na kuibeba kampuni miezi mibaya. Si mauzo, wala si faida. Hilo sikulijua, na kiburi kilinizuia kuuliza.

Nilipoona akaunti imenona, nikasema Mungu ametubariki! Nikatoa sehemu ya kumi ya ile ziada, nikaileta hapa madhabahuni, eti fungu la kumi la faida. Mnakumbuka? Mlishangilia, mkacheza. Wengine wakaja kununua hisa kwa bei ya juu zaidi, maana kampuni inayotoa hivyo lazima iwe na afya. Nikatoa tena. Ndugu zangu, nilitoa mara tatu! Na uwanjani magari yalikuwa yaleyale, tunayaosha kila asubuhi.

Dada Furaha, anayetunza vitabu vyetu, akaniita.

"Papa Amani, tangu Pasaka tumeuza gari ngapi?"

"Mbili."

"Zote kwa hasara. Sasa hili fungu la kumi ni la faida gani?"

"Eish, dada! Unamkagua Mungu?"

"Simkagui Mungu, papa. Nakukagua wewe."

Nilikasirika. Siku tatu sikumsalimu, lakini neno lake lilinikaa kifuani.

Wiki hiyohiyo Mama Neema, mjane anayesuka nywele mtaa wa La Rochelle, akanitumia habari kwamba Jumapili ataleta akiba yake anunue hisa. Ni akiba aliyoiweka miaka mingi afungue saluni yake mwenyewe. Kodi ya uwanja ilikuwa imetukaba. Nakiri mbele zenu: pesa ya yule mama niliitamani.

Jumapili akanikuta hapo mlangoni na bahasha. Mkono wangu ulishanyooka.

"Pokea, papa. Nimeshaiombea."

Ndugu zangu, nilishindwa! Machozi yalinitoka mbele za watu. Nikamwambia, "Mama, irudishe kwenye mkoba. Kampuni inaumwa. Lile fungu la kumi lilikuwa mtaji wa watu."

Akairudisha bahasha, akafunga mkoba. "Ungeniambia kesho, papa, ningekulaani."

Siku hiyo nikasimama mbele ya wanahisa, nikasema yote. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mchungaji akarudisha kwenye kampuni pesa yote niliyoileta madhabahuni. Tukauza yale magari kwa bei ya chini, tukaachia nusu ya uwanja. Nikamwomba Dada Furaha msamaha.

Mama Neema alifungua saluni yake. Kila akiniona huuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nami namwambia kweli.

Wewe uliyeketi hapo na jambo umelificha, mwamini Bwana, liseme kabla hujapokea bahasha ya mtu. Utaaibika, ndiyo. Lakini utalala! Namshukuru Mungu aliyenishika mkono pale mlangoni.

Mwezi huu tumepata faida ya kweli, ya kwanza. Fungu lake la kumi ni hizi noti mbili. Naziweka sasa. Msicheze, ni kidogo. Lakini Dada Furaha amezikagua.