Sanduku Namba Arobaini na Moja

Hebu niambie wewe unayesoma: mtu akitumikia kiwanda miaka thelathini na moja, kisha gazeti liandike kuwa kiwanda kimeuawa na uvivu wake, anyamaze? Spana hanyamazi. Mwaka huu wote wa sabini na tano, kila asubuhi yupo kwenye benchi letu hapa Birmingham, mkabala na geti la kiwanda cha Brindley, zilikotoka pikipiki zilizofika hadi Nairobi zikiwa na askari mgongoni. Leo geti liko wazi. Watu wa dalali wanabandika namba. Kesho kila kitu kinauzwa mnadani. Tuko wanne: Spana, fundi wa injini; Askofu, aliyekuwa akipaka rangi matangi na sasa anahubiri bila kanisa; Enid wa kigari cha chai; na mimi, niliyesomea uhandisi ili niajiriwe humo ndani. Digrii yangu naikalia. Benchi lina baridi.

— Wajapani ndio waliotumaliza, akaanza Askofu. Walikuja na kamera zao, mabosi wakawatembeza kila chumba, wakawapa na biskuti. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kapona nani, Askofu? Enid akadakia. Wewe unaishi kwa mama mkwe.

— Namtunza!

— Anakutunza.

— Si Wajapani, nikasema. Wakurugenzi walikula faida miaka ishirini, mashine zile zile za enzi za babu zao.

— Msomi kafungua mdomo, Spana akanikata. Mashine zile nilizishika mimi. Hazina kosa.

— Basi ni hela mpya, Askofu akasema. Tangu serikali ifute shilingi na kuigawa pauni kwa peni mia, nati zimekataa kukazika. Chuma kinasikia.

— Chuma kina masikio? Enid akauliza.

— Kinayo! Mbona Brindley ilikuwa haiwaki Jumatatu?

Tukacheka. Spana hakucheka. Alikuwa akilikunja gazeti, akilikunjua.

— Wameandika kazi yetu ilikuwa kunywa chai, akasema. Mwanangu kalisoma. Jana mezani kaniuliza, "Baba, ni kweli?"

Hapo akatoka getini binti mmoja kati ya watu wa dalali, orodha kwapani, kopo la gundi mkononi.

— Samahani wazee wangu. Kile chumba cha mwisho, pikipiki zilikokuwa zikisubiri lori, kuna sinia za bati mia mbili. Niandike za nini?

— Za kukingia oili, binti! Askofu akafurahi. Kila pikipiki na sinia yake. Brindley isiyovuja, ujue haina oili ndani. Haba na haba hujaza kibaba!

Tukacheka tena, hata mimi. Utani huo kila mtoto wa mtaa huu anazaliwa nao.

— Pikipiki mpya? binti akauliza.

— Mpya kabisa. Rangi haijakauka vizuri.

— Sasa mbona hamkuziba?

Askofu akatazama viatu vyake. Enid akafungua bomba la birika. Likakoroma, likadondosha matone mawili, basi.

— Niliziba, Spana akasema polepole. Kwenye karatasi. Mwaka wa sitini na moja nilichora namna ya kuunganisha zile nusu mbili za injini zisivuje. Nikautumbukiza mchoro kwenye sanduku la maoni, pale nje ya ofisi ya meneja. Hawakunijibu. Nikajua wameusoma, wameona ni ujinga wa fundi.

Binti akapekua orodha yake.

— Sanduku jekundu la chuma? Hilo ni namba arobaini na moja. Limefungwa, na ufunguo haupo. Nilipolitikisa halikulia.

— Tupu? Spana akauliza.

— Limejaa, mzee. Karatasi zimefika hadi mdomoni.

Spana akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Miaka kumi na minne alijiona mjinga, kumbe hakuna aliyelifungua.

Sasa nyie wakurugenzi wa Brindley, mliohamia mashambani na farasi wenu: kesho kabla ya saa nne, kabla nyundo ya dalali haijagonga, leteni ufunguo. Mlifungue sanduku hilo hapa benchini, mbele ya Spana na mwanawe, mzisome karatasi zote kwa sauti, moja baada ya nyingine. Na mje na yule mwandishi wa gazeti.