Venant Cirhuza, Aliyejifunza Kuaga kwa Kiamhari

Ndugu na jamaa mliofika hapa makaburi ya Ruzizi leo, Jumanne tarehe 17 Septemba 1996, pamoja na habari mbaya za vita zinazotoka upande wa Uvira: asanteni. Nitasoma bila kuzunguka, ili kila mutu awe kwake mbele ya giza. Marehemu mwenyewe angetaka hivyo.

Venant Cirhuza alizaliwa Walungu tarehe 3 Mei 1944, mtoto wa kwanza wa muzee Bulonza na Maman Euphrasie. Mimi Marcellin ninayesoma ni mdogo wake, na dada yetu Marie-Louise ndiye kitinda mimba. Venant alisoma shule ya msingi kwa mapadri hapo Walungu, akamaliza mwaka 1957, kisha akashuka Bukavu kwa fundi mmoja wa magari. Alianza kwa kuosha vyuma, akatoka anajua kuendesha lori. Majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali mwaka 1972, karatasi zake zilibaki na Cirhuza tu. Nyumbani tuliendelea kumwita Venant.

Tangu mwaka 1969 alikuwa chauffeur wa lori kwenye barabara ya Bunyakiri mpaka Hombo. Sitapamba: kaka yangu aliogopa askari. Hakuzaliwa na ule woga. Mwaka 1974, kwenye barrière moja, mti wa kufunga njia, mbele ya Bunyakiri, askari alimpokea vizuri sana, akamkalisha, akamgawia ndizi, wakacheka pamoja. Venant alipoinuka, yule askari akauliza polepole: "Weye, nani amekuambia uende?" Alilala pale, chini ya lori lake. Hakupigwa, hakuambiwa kosa. Kesho yake waliinua mti, akapita. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Mudogo wangu," akasema, "kufika kwa mutu wa bunduki haina shida. Kutoka ndiyo kazi."

Toka siku ile alitafuta maneno ya kuaga kama mimi ninavyotafuta mali ya kuuza. Kwa Kilingala, luga ya askari, alijua kuagana kwa namna zote, na kuomba maji hakujua. Hesabu yake ilikuwa hii: askari akiagwa kwa luga ya mama yake, mdomo unajibu wenyewe, na akishajibu amekuachilia. Asipojibu, usiguse gari. Nilimcheka. Lakini mimi nilipoteza mizigo mingi kwenye ile barabara, na yeye hakufungwa tena.

Alifunga ndoa na Maman Adolphine tarehe 18 Agosti 1973, katika parokia ya Walungu. Walipata watoto watatu, wa kwanza Grégoire. Kitu kimoja Maman Adolphine hakukizoea: bwana wake alikuwa akivaa kofia na kutoka, bila neno.

"Papa Grégoire, unatoka kama mwizi! Hata kwaheri?"

"Kwaheri ni ya watu ninaogopa. Weye ninakuogopa?"

"Utaniogopa jioni, ukikuta sahani tupu."

Mwisho wa mwaka 1994 lori lake lilichukuliwa kupeleka shu, yaani kabichi, na maharagi ng'ambo ya mpaka, Cyangugu, kwa askari wa Ethiopia waliokuja na Umoja wa Mataifa. Siku ya kwanza alirudi na homa ya woga: bunduki mpya, na luga hajui hata neno. Kwa bahati, kaporali aliyepokea mboga, Wondimu, alikulia Moyale, mpakani na Kenya, akajua Kiswahili.

"Mzee, tuanze na salamu," akamwambia.

"Apana. Salamu haijanisaidia hata siku moja. Unifundishe ya kutoka."

"Hata jina langu hutaki?"

"Jina utanipa nikishajua kutoka."

Wondimu alicheka mpaka akaketi juu ya magunia. Akamfundisha kwa Kiamhari, luga yao: *dehna wal*, ushinde vizuri, *dehna ider*, ulale vizuri, na *dehna hun*, ubaki muzima, ya kumwambia mwanaume, na mwanaume mwenzake anamrudishia vilevile. Kwa mwanamke ni *dehna hunyi*. Akamwambia pia kwamba vijana wanasema *chao* tu, inatosha. Venant aliikataa. Ilikuwa nyepesi mno kupita nayo mbele ya bunduki.

Januari 1995 ndipo tulijua faida yake. Marie-Louise, aliyeolewa Kamembe, ng'ambo hukohuko, alikuwa amefiwa na mume, amebaki peke yake na mtoto wa mgongoni. Mimi nilikuwa Shabunda. Venant alivuka kumchukua, na anayemjua anajua alivuka na roho ya namna gani. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limezama. Juu ya daraja la mpakani wakakuta askari wa Ethiopia asiyewajua. Akapiga kelele, akawamulika machoni. Kabla gari halijasimama, kabla hajaulizwa kitu, Venant akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Dehna hun! Dehna hun!"

Mutu anaaga hata hajafika! Yule askari alimulika mtoto, akamulika tena Venant. Halafu akajibu, "Dehna hun," akasogeza pipa lililofunga njia. Mtoto yule anatembea leo. Yupo hapa.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kuumwa kichwa na kifua. Daktari akamwambia ni tension, damu inapanda. Venant akajibu, "Docteur, hiyo si ugonjwa, ni kazi yangu." Julai aliacha lori. Jumamosi iliyopita, tarehe 14, saa kumi ya mchana, akiwa kitandani kwake, alimtazama mke wake akasema, "Dehna hunyi."

"Papa Grégoire, leo unaniaga? Unaniogopa mimi?"

"Si weye."

Akageuka kutazama mlango, akingoja, vile alivyongoja kwenye barrière. Tulielewa anangoja jibu. Sisi sote mule chumbani hatukulijua bado. Marie-Louise alikuwa njiani kutoka kwake Nguba, na alipoingia, macho ya kaka yake yalikuwa yamekwisha kusimama.

Ameacha mjane, Maman Adolphine, watoto, Grégoire, Constance na Évariste, wajukuu wanne, dada yake Marie-Louise, na mimi.

Mimi ni mutu wa soko. Kwangu neno lisilojibiwa ni neno ambalo halijaisha, na sitaki kaka yangu asimame huko peke yake, na ule woga, anangoja kuruhusiwa. Sasa Marie-Louise, aliyelisikia darajani akatufundisha, atasema jibu, na sisi wote tutalirudia kwa sauti, hata wale mnaotazama barabara. Kisha tutamshusha.

Venant, pita. Lala kwa amani kwa Bwana, wala usiogope tena.

Dehna hun.